Kununua Gari Dogo Lililotumika: Mwongozo wa Kuchagua Hachibeki na Steshenwagoni

Magari mengi madogo ya familia yanayotembea katika miji ya Tanzania na Kenya yalianza maisha yake Japani, nchi ambayo nayo huendesha upande wa kushoto wa barabara, na yakafika bandari za Dar es Salaam na Mombasa yakiwa yameshatumika kwa miaka kadhaa. Wajapani huuza magari mapema kwa sababu sheria yao inalazimisha kila gari dogo la abiria kupita ukaguzi wa kina miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya na kila miaka miwili baada ya hapo, na gharama ya ukaguzi huo, pamoja na matengenezo yanayoambatana nao, humfanya mmiliki aone afadhali kuliachia gari ambalo bado lina nguvu. Kwa hiyo mnunuzi wa Afrika Mashariki ananunua sehemu ya maisha ya gari iliyobaki. Ukubwa wa sehemu hiyo hauonekani kwenye mng'ao wa rangi wala kwenye tarakimu za dashibodi, bali kwenye hati za gari na kwenye bati, vyuma na vimiminika vyake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kusoma ushahidi huo kabla fedha haijatoka mkononi.

Kuchagua gari kwa kazi yake

Hachibeki ni gari fupi ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo, na sehemu yake ya mizigo haikutengwa na chumba cha abiria. Katika kundi hili wamo Toyota Vitz, Toyota IST, Toyota Passo, Honda Fit, Nissan Note na Mazda Demio. Steshenwagoni ni gari ambalo paa lake limerefushwa mpaka juu ya sehemu ya mizigo, kama vile Toyota Corolla Fielder, Nissan Wingroad, na ndugu wawili Toyota Probox na Toyota Succeed. Tofauti ya makundi haya mawili ni zaidi ya urefu, kwa maana Probox, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, ilibuniwa kama gari la kazi lenye uwezo rasmi wa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili, ilhali IST ya kwanza, iliyotoka mwaka huohuo na kutengenezwa hadi 2007, ilijengwa juu ya msingi wa Vitz kwa ajili ya watu na mizigo midogo ya nyumbani. Mfanyabiashara anayebeba magunia kila siku kwa hachibeki atachosha shokapu na bushi, yaani raba zinazoshika viungo vya chini ya gari, mapema kuliko umri wake. Naye anayenunua Probox iliyokuwa ikifanya kazi hiyo anapaswa kuchukulia kwamba mgongo wa gari hilo umebeba zaidi ya kipimo mpaka ukaguzi uthibitishe vinginevyo.

Jambo la pili la kuangalia ni injini, na hapa upatikanaji wa vipuri una uzito kuliko sifa za kwenye matangazo. Injini ya Toyota inayoitwa 1NZ-FE, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, ilifungwa katika Vitz, IST, Probox, Succeed na Fielder, na kwa sababu hiyo vipuri vyake hupatikana Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi, na hata katika miji midogo ambako fundi ameifungua mara nyingi kiasi cha kuijua kwa mazoea. Injini hiyo hutumia cheni ya taimingi, yaani mnyororo wa chuma unaoratibu mwendo wa pistoni na valvu, na cheni hiyo haidai kubadilishwa kwa ratiba kama mkanda wa raba. Hata hivyo, cheni hutegemea mafuta safi ya injini, na mmiliki aliyechelewesha kumwaga oili huacha alama ya uzembe wake katika mlio wa kukwaruza unaosikika injini inapowashwa ikiwa baridi.

Jambo la tatu ni giaboksi. IST ya kwanza ina giaboksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia nne, wakati Fielder za kuanzia kizazi cha mwaka 2006, Nissan Note na Honda Fit nyingi hutumia CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua, ambayo ndani yake mkanda wa chuma huzunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. CVT huokoa mafuta, lakini inahitaji kimiminika chake maalumu, na fundi anayeijaza mafuta ya otomatiki ya kawaida kwa kuwa ndiyo yaliyo dukani huanza kuiua siku hiyohiyo. Mnunuzi wa gari la CVT lililokwisha kutumika nchini anapaswa kuuliza ni kimiminika gani kiliwekwa na lini, na akijibiwa kwa kubabaisha, ahesabu gharama ya giaboksi kama sehemu ya bei.

Magari ya mseto, yaani yanayosukumwa na injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kama Toyota Aqua na baadhi ya Fit na Fielder, yana faida kubwa kwenye foleni za mjini, ila betri yake kubwa hupoozwa na feni ambayo mara nyingi huvuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na vumbi au mizigo, betri huchemka na kuchakaa, kwa hiyo mnunuzi asikubali gari la namna hiyo bila betri kupimwa kwa kompyuta ya uchunguzi.

Kuagiza, kununua yadi, au kununua mkononi

Njia za kupata gari ni tatu: kuliagiza kutoka Japani kupitia msafirishaji, kulinunua kwenye yadi ya muuzaji aliyekwisha kulileta, au kulinunua kwa mmiliki aliyelitumia nchini, njia ambayo watu huiita kununua mkononi. Anayeagiza hukutana na aina mbili za bei, ambapo FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini Japani, na CIF ni bei hiyo ikiwa imejumlishwa bima ya safari na nauli ya meli mpaka bandari ya kushukia. Hakuna kati ya bei hizo inayojumuisha kodi wala gharama za bandarini, na tofauti hiyo ndiyo inayowashtua wanunuzi wengi wa mara ya kwanza.

Tanzania Bara, kwa viwango vilivyotumika katika miaka ya karibuni, hutoza gari dogo la abiria ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini yenye ujazo wa kati ya 1,001 na 2,000, huku injini isiyozidi 1,000 ikisamehewa ushuru huo wa pili, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Juu ya hayo kuna ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi na asilimia 30 kwa lililozidi miaka kumi. Ushuru wa bidhaa na wa uchakavu hukokotolewa juu ya CIF pamoja na forodha, na kodi ya ongezeko la thamani juu ya jumla ya hayo yote: gari la injini ya 1,497 lenye thamani ya CIF ya shilingi milioni 10 na umri uliozidi miaka kumi hulipiwa forodha 2,500,000, ushuru wa bidhaa 625,000, uchakavu 3,750,000 na ongezeko la thamani 3,037,500, jumla 9,912,500 kabla ya tozo ndogondogo na usajili, yaani karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Gari la thamani hiyohiyo ambalo halijafikisha miaka minane lingelipiwa 5,487,500. Kwa hiyo gari la zamani lenye bei ndogo Japani huweza kufika nyumbani kwa gharama inayokaribiana na ya gari jipya zaidi, na mnunuzi anapaswa kulinganisha bei za mwisho tu. Ikumbukwe pia kwamba Mamlaka ya Mapato Tanzania hutumia makadirio yake ya thamani, ambayo huonekana katika kikokotoo chake cha mtandaoni, wala haikubali tu ankara ya muuzaji, na kwamba viwango huweza kubadilika kila mwaka mpya wa bajeti unapoanza Julai.

Kenya imeweka ukomo wa umri wa miaka minane, unaosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya, hata kuanzia Januari 2025 gari lililosajiliwa kwa mara ya kwanza kabla ya mwaka 2018 halikuruhusiwa kuingia. Ndiyo sababu IST na Probox za zamani zinazoonekana Kenya ni zile zilizokwisha kuwa nchini, na bei zake huamuliwa na soko la ndani.

Anayenunua mkononi asichanganye umri wa gari na umri wa namba yake. Nchini Tanzania herufi za namba hufuatana, na wauzaji husema gari ni "namba C", "namba D" au "namba E" kwa maana ya kipindi liliposajiliwa nchini. Gari la mwaka 2004 lililoingia likiwa na miaka kumi na mitano huweza kubeba herufi mpya zaidi ya gari la mwaka 2008 lililoingia mapema. Namba inaeleza tu ni muda gani gari limekutana na barabara na mafundi wa hapa, taarifa ambayo ina thamani yake lakini si mbadala wa mwaka wa kutengenezwa.

Kusoma karatasi ya mnada

Magari mengi yanayouzwa nje ya Japani hupitia minada ya wafanyabiashara, ambako mkaguzi wa mnada hujaza karatasi moja inayoeleza hali ya kila gari, na mnunuzi anayeagiza ana haki ya kuidai karatasi hiyo kabla ya kulipa. Alama ya jumla huanzia 1 na kupanda hadi 5, ikiwa na nusu kati yake, na alama 6 au S huwekewa magari yaliyo karibu mapya. Gari la alama 4 au 4.5 ni zuri kwa matumizi ya kawaida, la 3.5 lina makovu yanayoonekana lakini huweza kuwa na mitambo mizima, na lililoandikwa R au RA limewahi kutengenezwa baada ya ajali. Vigezo vya minada havifanani kwa kila hali, kwa hiyo alama husomwa pamoja na mchoro wa gari uliomo kwenye karatasi hiyo.

Kwenye mchoro huo, A ni mkwaruzo, U ni sehemu iliyobonyea, W ni wimbi lililobaki baada ya bati kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyoanza kula bati, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo, ambapo A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa. Historia ya ajali kwa kanuni za Kijapani huhusu sehemu za mifupa ya gari, kama nguzo za paa, sakafu na vyuma vya urefu vinavyobeba injini, si vipande vilivyofungwa kwa boliti. Gari lililobadilishwa boneti na mlango huweza kubaki na alama nzuri kwa haki kabisa, huku gari la R lililonyooshwa pembe ya nyuma likiwa salama au la hatari kutegemea pale pigo lilipofika.

Tarehe katika hati za Japani mara nyingi huandikwa kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza 1989 na ya Reiwa ilianza Mei 2019, kwa hiyo mwaka wa Heisei hujumlishwa na 1988 na wa Reiwa na 2018. Heisei 17 ni 2005, na Reiwa 2 ni 2020. Kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi ya mnada na kwenye hati za ukaguzi wa Japani hulinganishwa na zinazosomeka kwenye dashibodi siku gari linapopokelewa, na zikiwa zimepungua, odometa, yaani kifaa kinachohesabu umbali, imechezewa. Pasipo hati, vitu vinavyoguswa kila siku hutoa ushahidi: raba ya kanyagio la breki iliyolika hadi chuma, ngozi ya usukani iliyong'aa na ukingo wa kiti cha dereva uliolegea havilingani na gari linalodai kilomita 60,000.

Ukaguzi wa gari lenyewe

Ukaguzi ufanyike mchana, gari likiwa kavu na injini ikiwa baridi, na fundi awe amechaguliwa na kulipwa na mnunuzi, kwa sababu fundi aliyeletwa na muuzaji au dalali ana sababu ya kutaka biashara ifungwe. Mkaguzi aanze kwa kugusa boneti kabla ya salamu kukolea: injini iliyokwisha kupashwa moto imeficha mlio wa kuwaka kwake na moshi wa kwanza.

Kwa upande wa bodi, nafasi kati ya mlango na ubavu inapaswa kuwa sawa kutoka juu hadi chini na kufanana pande zote mbili, na vichwa vya boliti zinazoshika boneti, mafenda na milango visiwe na mikwaruzo ya spana iliyotoboa rangi. Rangi iliyopulizwa baadaye huonekana chini ya raba za milango, na sehemu yenye pati nene haishiki sumaku kama bati tupu. Katika hachibeki na steshenwagoni, sehemu inayosema kweli zaidi ni sakafu ya buti: zulia linyanyuliwe, tairi la akiba litolewe, na mabati ya chini yakaguliwe kama mikunjo, silanti na nukta za kulehemu zina mpangilio wa kiwandani, kwa maana pigo la nyuma huacha alama hapo hata bampa likibadilishwa. Matope makavu kwenye reli za viti, pamoja na mstari wa maji kwenye mkanda wa usalama uliovutwa mpaka mwisho, ni dalili za gari lililozama kwenye mafuriko. Kutu ya chini huangaliwa kwa makini zaidi kwa magari yaliyotoka Hokkaido na kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, na kwa magari yaliyokaa miaka mingi ufukweni mwa Bahari ya Hindi.

Ufunguo unapozungushwa hadi hatua ya mwisho kabla ya kuwasha, taa za onyo za injini, oili, breki za ABS na mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka zote, kisha kuzimika injini inapoanza kufanya kazi. Taa isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayogoma kuzimika, kwa kuwa wapo wanaoitoa ili kuficha hitilafu. Baada ya injini kuwaka, moshi wa bluu unaonyesha kwamba inakula oili, moshi mweupe usiokoma unaonyesha maji yanayoingia kwenye silinda, na moshi mweusi ni petroli inayozidi. Kifuniko cha oili kikiwa na utando wa rangi ya maziwa, maji na oili huenda vimekutana.

Mfumo wa kupoza injini una tatizo lake la hapa nyumbani, nalo ni mazoea ya baadhi ya mafundi kuondoa themostati, yaani valvu inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kwa imani kwamba gari halitachemsha. Injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi na kuchakaa mapema. Magari mengi madogo ya Toyota hayana mshale wa joto bali taa ya bluu inayoashiria injini baridi, na taa hiyo ikichelewa sana kuzimika au ikirudi gari linapokimbia kwenye barabara kuu, themostati ama imekwama ama haipo. Kwenye tangi la rejeta inapaswa kuonekana kulanti ya rangi, si maji yenye kutu.

Barabarani, gari lijaribiwe kwenye lami na kwenye mashimo. Usukani ukiachiwa kidogo kwenye barabara iliyonyooka, gari lisivute upande. Usukani ukikatwa hadi mwisho huku gari likienda taratibu, mlio wa tak-tak kwenye magurudumu ya mbele huashiria viungo vya draivshafti vilivyokwisha. Giaboksi ya otomatiki ishike ndani ya muda mfupi inapoingizwa kwenye D au R, na CVT isitetemeke gari linapoondoka. Tairi zina tarakimu nne za tarehe ubavuni, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na gari lililotoka Japani huweza kuja na tairi za theluji, ambazo mpira wake laini haufai kwa lami yenye joto.

Mifuko ya hewa inahitaji tahadhari ya pekee. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza vilipushi vya mifuko hiyo kwa kutumia kemikali ambayo, ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, huharibika na kuweza kukipasua kifaa chenyewe na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Mamilioni ya magari duniani yaliitwa kurekebishwa, yakiwemo ya familia za Honda Fit, Toyota Vitz na Corolla, na hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa ndiyo hasa inayoharakisha uharibifu huo. Namba ya chasisi, ambayo kwa magari ya soko la Japani huwa na msimbo wa modeli na namba ya mfululizo badala ya herufi na tarakimu 17 za kimataifa, iingizwe kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji ili kujua kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa.

Hati na malipo

Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati ilingane herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye kadi ya usajili, na jina kwenye kadi liwe la muuzaji aliyepo, likithibitishwa kwa kitambulisho chake. Mlolongo wa mikataba ya mauziano isiyofikishwa Mamlaka ya Mapato humwacha mnunuzi wa mwisho akimtafuta mtu asiyemjua ili aweze kubadilisha umiliki. Nchini Tanzania, madeni ya faini za barabarani hufuata namba ya gari na hukaguliwa kwenye mfumo wa Polisi kabla ya malipo. Gari lenye namba ya Zanzibar haliwi la Bara mpaka lipitie taratibu za forodha na usajili, na bei yake ndogo isichukuliwe kuwa ndiyo ya mwisho. Nchini Kenya, taarifa za umiliki huombwa kwa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, kupitia eCitizen, na gari lililonunuliwa kwa mkopo huonekana lina jina la mkopeshaji kwenye logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Malipo yapite benki, mkataba ushuhudiwe na wakili, na ubadilishaji wa umiliki uanze siku hiyohiyo.

Baada ya ukaguzi, mnunuzi huwa na orodha ya kasoro, na kila kasoro hutafsiriwa kuwa fedha: shokapu, tairi, betri na bushi ni gharama zinazojulikana na hupunguzwa kwenye bei. Kasoro za mifupa ya bodi, namba ya chasisi iliyoguswa, maji ndani ya oili na kadi yenye jina la mtu asiyepatikana hazina punguzo linalozitosha, na anayekutana na mojawapo anafanya vyema kuliacha gari hilo. Likipita mitihani yote hiyo, bajeti yake isiishie kwenye bei, bali ibakize fedha za kubadilisha oili na filta zote, kimiminika cha giaboksi kilichoelekezwa na mtengenezaji, kulanti, mafuta ya breki na plagi, ili historia ya matunzo ya gari iwe na tarehe moja ya kuaminika, ambayo naye ataionyesha siku atakapokuwa muuzaji.